Ramani ya Tovuti ya Bi Nuria

Jumatatu, 2 Juni 2014

Siku kubwa. Naandika kwa kalamu mpya.

Ofisi yangu ni chumba cha nyuma cha duka la fotokopi la dada Ferista, hapa Tunduma, barabara ya kwenda mpakani. Bango langu linasema ZABRON, MTAALAMU WA TOVUTI. Kwa miezi saba bango hilo limeleta watu watatu. Wawili walitaka kuchaji simu. Wa tatu alitaka picha za pasipoti.

Leo asubuhi nimeitwa na Bi Nuria. Huyu ni mama mwenye malori kumi na moja yanayokwenda Ndola, Lusaka na Lubumbashi. Mumewe alipofariki, watu walisubiri auze. Akaongeza manne. Sasa anataka tovuti. Tatizo ni kwamba hakuniita peke yangu. Amemwita na Leah.

Leah nilisoma naye chuo cha kompyuta Mbeya. Kwenye kuandika programu mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Kwenye masomo mengine yote yeye alikuwa wa kwanza, lakini hayo yalikuwa masomo ya kuongea.

Bi Nuria amesema kila mmoja alete ramani ya tovuti Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili. Ramani ya tovuti ni kama ramani ya nyumba. Kabla ya rangi na picha unachora masanduku: hapa picha, hapa maneno, hapa kitufe cha kubonyeza. Chuoni tuliiita waifremu. Mteja akiikubali ndipo unajenga.

Leah ameuliza maswali ishirini na mawili, nimeyahesabu. Nani hupiga simu hapa? Anauliza nini? Ana simu ya namna gani? Bi Nuria akageuka akaniuliza mimi nina swali gani. Nikamwambia sina. Mtaalamu akianza kuuliza, mteja anaingiwa na wasiwasi.

Msimamizi wa yadi, mzee Masudi, ametukaribisha tuje tukae naye siku mbili tatu tuone kazi inavyokwenda. Leah amekubali. Mimi nimemshukuru, nikamwambia yadi ninayo kichwani.

Kazi hii naichukua. Nimeandika hivyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza.

Jumanne, 3 Juni

Baba amepiga simu kutoka Iyula. Kahawa imeanza kuiva. Goti lake la kulia limevimba tena, hawezi kusimama kwenye mibuni zaidi ya saa moja. Mibuni ni mia sita. Amesema hanilazimishi. Halafu akanilazimisha: kama hadi Jumapili ya tarehe kumi na tano sina mteja wa maana, nirudi nyumbani, nichukue shamba.

Nikamwambia mteja ninaye, ni Bi Nuria wa malori. Akauliza namfanyia kazi gani. Nikasema namchorea waifremu. Kisha akauliza kama fremu za waya zinazuia wezi.

Nimemweleza mara tatu. Mara ya tatu mtandao ulikatika. Alipopiga tena alikuwa na furaha sana, na nyuma yake nilisikia sauti ya mama ikimpigia mtu hodi ili ampe habari. Kwa jinsi nilivyoelewa, Iyula sasa wanaamini najenga fremu za maduka Tunduma.

Nitalisahihisha nikipata nafasi.

Jumatano, 4 Juni

Nimechora siku nzima. Ukurasa wa mwanzo una masanduku kumi na tisa. Kuna ujumbe wa mkurugenzi, historia ya kampuni, dira ya kampuni, saa ya Tunduma, saa ya Lubumbashi, hali ya hewa ya Dar es Salaam, sehemu ya kuhesabu wageni, na salamu kwa lugha sita. Leah hawezi kufikisha kumi na tisa. Hana uvumilivu huo.

Nimemwonyesha dada Ferista. Ameitazama akiwa ameshika rimu ya karatasi. Amesema inafanana na nyumba ambayo haijawekwa madirisha. Kisha akauliza mtu mwenye mahindi yake anayetaka lori abonyeze wapi.

Nikamwambia hilo liko ukurasa wa sita.

Akauliza huyo mtu atajuaje kwamba kuna ukurasa wa sita.

Ferista ni mwanamke mwema, ila kazi yake ni fotokopi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepita karibu na yadi ya Bi Nuria. Nilikuwa na safari zangu.

Leah alikuwa amekaa juu ya tairi bovu katikati ya madereva, kikombe cha chai mkononi, daftari gotini. Dereva mmoja Mzambia alikuwa anamsimulia jambo, nusu Kibemba nusu Kiingereza, na wote wanacheka. Mara simu ya mzee Masudi inaita, mara anapokea, mara inaita tena. Leah anaandika. Halafu akasimama, akaanza kutembea kwa hatua ndefu kutoka geti hadi ukutani, anahesabu. Akarudi, akachora kitu.

Nimesimama nyuma ya lori la mbolea dakika arobaini. Katika dakika hizo sikumwona akifungua kompyuta hata mara moja.

Mzee Masudi akaniona. Akaniita kwa jina, kwa sauti ya kusikika hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaniambia fundi, karibu, mbona umejificha na chai ipo. Nikamjibu naikagua barabara. Akauliza barabara ina nini. Nikasema vumbi. Ilikuwa kweli, suruali yangu yote ilikuwa nayo.

Nimerudi ofisini na moyo mkunjufu. Mshindani wangu anakunywa chai.

Ijumaa, 6 Juni

Mkakati: kuwahi. Tarehe kumi na mbili ni ya wote wawili, lakini hakuna aliyekataza kwenda mapema. Mteja akishaona kazi nzuri, ya pili ataitazama kwa uvivu.

Nimemkuta Bi Nuria saa tano na nusu, anajiandaa kwenda kuswali. Kumbe Ijumaa saa hizo si wakati wa kumwekea mtu masanduku kumi na tisa mezani. Ameitazama amesimama.

Kwenye ramani, mahali pa picha tunachora sanduku lenye alama ya mkasi, mistari miwili inayokatana. Kila mtu wa kazi hii anajua. Bi Nuria akaweka kidole juu ya lile kubwa la katikati, ambalo nilikuwa nimeandika chini yake LORI LA MAMA.

"Kwa nini umelifuta lori langu?"

Nikaeleza. Akaniambia shuleni mwalimu alikuwa akichora hivyo kwenye majibu yake.

Halafu akaanza kusoma maneno. Mahali ambapo maneno bado hayajaandikwa, sisi wa kazi hii huweka maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi tu. Alisoma mstari wa kwanza kwa shida, akamwita mzee Masudi. Mzee Masudi akavaa miwani. Akasema hiki si Kibemba, si Kilingala, wala si Kinyamwanga. Akaniuliza kama ni sala. Nikasema si sala, ni Kilatini. Akamgeukia Bi Nuria akamwambia basi ni sala.

Bi Nuria hakukasirika. Ameniambia nije Alhamisi kama tulivyokubaliana, na nilete kitu ambacho yeye na Masudi wanaweza kukisoma. Akanipa na chungwa.

Nimelila njiani. Lilikuwa tamu. Sikatai kwamba nimeumia kidogo. Lakini tatizo nimeligundua: si ramani, ni macho ya mteja kutozoea.

Jumamosi, 7 Juni

Mungu huwakumbuka wanaojituma.

Leah amekuja hapa dukani kutoa fotokopi ya kurasa za daftari lake. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, mlango wazi kiasi. Karatasi moja ilitoka imepinda. Ferista akaomba radhi, akaitupa kwenye kapu, akatoa nyingine. Leah akashukuru, akaenda zake.

Kapu lile ni la takataka. Takataka haina mwenyewe. Nimejiuliza kuhusu hilo kwa muda wa kutosha, kisha nikaichukua.

Nakiri: Leah anajua kuchora. Ni ramani ya ukurasa mmoja, imepangika. Juu kabisa kuna alama mbili, INGIA na TOKA. Hiyo ni sehemu ya mwenye akaunti kuingia na kutoka, jambo ambalo mimi nililisahau. Katikati kuna masanduku kumi na moja, marefu, yamepangwa kwa safu, yana namba. La saba na la tisa yana mkasi, maana yake ni picha. Mishale inaonyesha mgeni anavyozunguka. Pembeni kuna sanduku limeandikwa MOTO: habari motomoto za kampuni. Chini kuna sanduku refu jembamba, SHIMO. Hilo limenipa shida, hadi nikatambua ni ghala la kuhifadhia kumbukumbu. Na kwenye kona ya mbali kabisa, visanduku viwili vidogo, ME na KE.

ME ni menyu. KE nimeifikiria hadi chai ikapoa. Ni kero. Mteja mwenye kero abonyeze hapo.

Mtu anayeficha mawazo makubwa namna hii nyuma ya kikombe cha chai ni mtu hatari. Ila sasa mawazo haya yana wenyewe wawili.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka kanisani nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye kizingiti cha duka. Anaitwa Marta, jirani yetu wa Iyula, amekuja na mtungi wa maziwa. Anataka kupanga fremu moja aweke vitenge. Baba ametangaza baada ya ibada ya katikati ya wiki, kwa ruhusa ya mchungaji.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusahihisha. Nimemwambia kwa sasa zote zimejaa.

Amesikitika. Ameomba nimkumbuke zikipatikana. Maziwa ameniachia. Ameniambia baba sasa anatembelea fimbo, lakini akizungumza habari zangu anasahau kuishika.

Hilo sikutaka kulisikia. Nimefanya kazi hadi jua linazama. Nimeichora upya ile ramani kwenye kompyuta, kila mstari umenyooka, kila pembe ni pembe. Mimi siibi. Mimi naboresha. Leah alichora kwa penseli.

Jumanne, 10 Juni

Karatasi ndogo inaonekana kama ombi. Karatasi kubwa inaonekana kama uamuzi. Tunduma hakuna mashine ya kuchapa karatasi kubwa, kwa hiyo nimechapa vipande kumi na viwili, na Ferista amenisaidia kuviunganisha kwa gundi. Ikitandazwa, inafunika meza mbili.

Ferista ameitazama sana. Amesema ni kama mahali anapopajua.

Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo sifa ya ramani bora. Mtu akiiona mara ya kwanza anahisi alishawahi kufika. Akasema hapana, yeye anahisi alishawahi kufika kweli, alipopeleka rimu za karatasi mahali fulani, ila hakumbuki wapi.

Nimekosa usingizi wa mchana. Kwa furaha.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwa ufupi. Halafu naona siwezi kuandika kwa ufupi.

Tulikutana saa nne, ofisini kwa Bi Nuria. Alikuwepo yeye, mzee Masudi, madereva wawili, Leah, na mimi. Nikaomba nianze. Leah akasema sawa. Nikaifungua ile karatasi juu ya meza na sehemu yake ikaning'inia mapajani kwa madereva.

Bi Nuria akainama. Mzee Masudi akavaa miwani. Nikaona nyuso zao zinachangamka. Nikajua nimefika.

Nikaanza. "Mgeni wetu anaingilia hapa, kwenye INGIA."

Mzee Masudi akasema kweli kabisa.

"Akishaingia, anakutana na haya kumi na moja, yamepangwa vizuri, kila moja na namba yake."

"Ndiyo," akasema Bi Nuria. "Ni kumi na moja."

Sijawahi kukubaliwa namna hiyo na mteja. Nikapandisha sauti. Nikasema la saba na la tisa ndiyo watu watakayoyapenda zaidi, kwa sababu ndiyo yatakayovutia macho. Mzee Masudi akasema kwa upole kwamba la saba halina injini tangu Februari. Nikadhani ni namna yake ya kuzungumza. Nikaendelea. Nikaonyesha SHIMO, nikasema humu ndimo tutakamohifadhi wateja wote wa zamani. Madereva wakatazamana. Masudi akamuuliza Bi Nuria kama hilo amelikubali.

Nikamalizia na ile kona. Nilikuwa nimeitunza iwe ya mwisho.

"Na mteja akizidiwa kabisa, hajui afanye nini, anakimbilia hapa, ME na KE. Anapata nafuu hapohapo."

Dereva mmoja akatoka nje. Nilimsikia akicheka hadi akakohoa. Bi Nuria alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Alipoutoa, akaniuliza taratibu:

"Zabron, mwanangu, unajua hapo ni wapi?"

Nikasema ni kona ya chini kulia ya ukurasa wa mwanzo.

"Hapo ni vyooni."

Leah alikuwa anatazama sakafu. Angeweza kusema mengi. Alisema tu kwamba, mama, ile ni yadi, aliichora siku ya pili ili aelewe malori yanavyopita, na karatasi lazima ilichanganyika kwenye fotokopi. Geti la kuingilia, geti la kutokea. MOTO ni mahali mitungi ya kuzimia moto inapotundikwa. SHIMO ni shimo la fundi, la kukagua lori kwa chini. Yenye mkasi ni magari mabovu.

Alisema "ilichanganyika". Sikumwomba aseme hivyo.

Ndipo akatoa ya kwake. Karatasi mbili za daftari, za penseli. Ya kwanza ilikuwa na mambo matatu tu: una mzigo gani, unatoka wapi, unakwenda wapi, na chini yake namba ya simu kubwa kama ya kwenye ubavu wa lori. Ya pili ilikuwa na sanduku moja. Limeandikwa MZIGO WANGU UKO WAPI. Unaweka namba ya lori, unaambiwa liko Mpika, liko Kapiri, limefika. Kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa.

Leah akaeleza kwamba kwa siku tatu alihesabu simu za mzee Masudi. Kwa siku simu hamsini na kitu. Arobaini zinauliza swali hilohilo. Anaamshwa na swali hilo, anakula nalo, na Ijumaa iliyopita lilimkuta msikitini.

Mzee Masudi alivua miwani, akaivaa tena. Akaweka kidole juu ya lile sanduku la penseli, akalibonyeza. Akamuuliza Leah kama linafanya kazi. Leah akamwambia bado, mzee, hii ni ramani tu. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kisha akalibonyeza tena.

Kazi amepewa Leah.

Nilikuwa nakunja karatasi yangu, nayo ilikuwa inaachia gundi, Bi Nuria akanizuia. Akaitandaza tena. Akasema mistari yangu imenyooka kuliko kitu chochote kilichomo ndani ya uwanja wake. Malori yanaegeshwa ovyo, mwezi uliopita mawili yalikwanguana. Kabla ya Mfungo anataka uwanja upigwe mistari ya rangi nyeupe, na namba, kama nilivyochora. Akaniuliza kama naweza.

Nikamwambia mimi ni mtaalamu wa tovuti, lazima nilifikirie. Nililifikiria hadi mlangoni, nikarudi nikakubali.

Jioni nimekaa ofisini bila kuwasha kompyuta. Nimemfikiria baba na ile fimbo anayoisahau. Ferista aliingia, akasema amekumbuka ni wapi alipopaona. Nikamwambia najua.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya pili ya mistari. Kamba, misumari, ndoo ya rangi, brashi pana. Nimemaliza nafasi sita. Madereva wanapita wananisalimia kwa Kibemba, mulishani, na wakitaka kwenda chooni wananiambia wanakwenda kwenye kero. Nimeamua kutosikia.

Lori namba nne limeingia saa tano likakaa katikati ya mistari yake sawasawa. Dereva akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akafurahi kweli. Nimesimama nikalitazama kwa muda. Sikujua kwamba kitu nilichochora mimi kinaweza kuingiwa na lori.

Leah alikuja na chai vikombe viwili. Tukakaa juu ya lile tairi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba ile ni yadi.

"Hukuuliza," akasema. Halafu akasema ile karatasi ilitupwa kwa sababu ilikuwa imepinda.

"Niliinyoosha."

"Niliona."

Akanywa chai. Kisha akaniambia jambo lililonishangaza. Kwenye kuandika programu yeye ni mzito, na mimi nina mkono mwepesi. Anataka tuijenge pamoja, majina yote mawili chini ya ukurasa. Sharti ni moja: Jumatatu na Jumanne nikae na mzee Masudi nipokee simu, nisikie watu wanauliza nini. Nisichore chochote. Nisikilize tu.

Nimeelewa kilichotokea. Leah ameona hawezi bila mimi. Nimemwambia nitamsaidia.

Mchana nikampigia baba. Nikamwambia kazi ya Bi Nuria nimepata. Ni kweli. Akauliza tumefikia wapi. Nikasema tuko chini, tunapiga mistari. Nikamsikia akimwambia mama kwamba tayari wameshapima. Akasema basi nisirudi, wajukuu wa Marta watamsaidia kuchuma, na goti siku hizi mbili limepungua. Alisema alikuwa anaogopa nirudi nikiwa nimeshindwa, kwa sababu yeye aliwahi kurudi hivyo, kutoka Mbeya, mwaka ambao mimi nilizaliwa, na hajawahi kumwambia mtu.

Sikujua hilo. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya kukata.

Halafu akapiga tena kuuliza kama fremu za mbele zitakuwa na vivuli.

Jumatatu, 16 Juni

Saa mbili kamili nilikuwa kwenye yadi, kiti kando ya mzee Masudi, daftari jipya. Nimeanza kwa nia njema. Nimesikiliza robo saa nzima.

Saa mbili na robo mzee Masudi alikwenda kufungua geti, simu ikaita, nikaipokea. Alikuwa bwana mmoja wa Ivuna, mfanyabiashara wa chumvi. Magunia mia mbili, yamepakiwa Ijumaa, yanakwenda Nakonde. Akauliza chumvi yake iko wapi.

Nikasikia chumvi. Nikakaa sawa. Mtu wa magunia mia mbili, na hana tovuti. Nikajitambulisha. Nikamwambia chumvi yake inahitaji kuonekana na dunia. Akasema yeye anahitaji kuiona mwenyewe, iko wapi. Nikamweleza kuhusu ukurasa wa mwanzo, historia ya chumvi, dira ya chumvi. Akauliza tena chumvi yake iko wapi. Nikamwahidi ramani kufikia Ijumaa, bila masharti. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti kubwa, kisha akakata.

Wateja wengi hawajui wanachohitaji. Ndiyo maana sisi tupo.

Nimemwambia mzee Masudi nimepatwa na dharura, nikarudi ofisini. Ivuna sijawahi kufika, na sioni ulazima. Chumvi naijua, iko kila nyumba. Hadi mchana huu nimefikisha masanduku ishirini na saba, na karatasi safari hii itakuwa kubwa zaidi, vipande ishirini. Ferista ameshaanza kutafuta gundi.

Leah amepiga simu sasa hivi kuuliza nimesikia nini huko kwenye yadi. Nimemwambia nimesikia vya kutosha.